Siku Tarumbeta Ilipoingia Sebuleni

Wajukuu zangu hawapendi kutazama filamu pamoja nami. Wanasema nawaharibia. Mimi nakaa zangu nimeipa televisheni mgongo, nachambua mchele, na filamu ikifika katikati nawaambia, "Huyo mwenye gari atakufa sasa hivi." Wananiuliza nimeonaje wakati sikugeuka. Sikuona, nimesikia. Dakika nzima sasa vinanda vinalia sauti nyembamba kama mbu nje ya chandarua, na mtu akiendesha gari huku mbu hao wanamlilia, nyumbani hafiki. Wananinunia kidogo, kisha wananinong'oneza niwaambie kama mke wake atapona.

Ujuzi huo sikuupata shuleni. Niliupata jikoni kwangu, Likasi, mji wa migodi, mtaa wa Panda, miaka ile ya tisini ambapo karakana za kampuni zilikuwa zinanyamaza moja baada ya nyingine na wake za wafanyakazi wakajifunza biashara kwa kulazimika. Mimi nilikuwa na mkono mzuri wa mandazi. Nilikuwa pia na televisheni ya rangi na deki ya video, mali ambayo mume wangu alileta nyumbani enzi mshahara ulipokuwa bado unajua njia ya kuja. Nikaviunganisha. Kila Jumamosi mchana sebule yetu ikawa sinema. Kiingilio kilikuwa bakuli la unga wa mahindi, au kopo la mkaa, au mafungu mawili ya mboga, alimradi mtu asije na maneno matupu.

Filamu zenyewe sikuziona. Nilikuwa nyuma ya pazia nakaanga. Lakini nilizijua zote kwa masikio, na masikio yangu yalikuwa ya kibiashara. Ukianza muziki wa mapenzi, natoa sinia, maana wavulana watataka kuwanunulia wasichana. Ukianza muziki wa hofu, sinia linabaki jikoni, kwani mtu mwenye hofu hamezi kitu. Muziki wa huzuni ndio uliokuwa baraka yangu. Watu wa kwetu wakilia wanasikia njaa, labda kwa sababu kwenye kilio wamezoea kulishwa, na mandazi yaliisha kabla machozi hayajakauka. Nilikuwa naomba Mungu anisamehe, lakini kila nikisikia zumari la huzuni nilikuwa nafurahi.

Mume wangu hakuingia kwenye sinema hiyo. Alikuwa fundi wa mashine, na zaidi ya ufundi alikuwa mpiga tarumbeta wa fanfari, ile bendi ya kampuni iliyopiga kwenye sherehe zote, mpira, arusi za wakubwa na mazishi ya wafanyakazi. Walikuwa watu kumi na wanane wenye sare na vifungo vinavyong'aa, na aliyeng'aa kuliko wote, msinibishie, alikuwa wangu. Mimi nilimpendea tarumbeta. Uso niliuzoea baadaye.

Fanfari ilipovunjwa, kila mmoja aliambiwa abaki na chombo chake, shukrani na kwaheri. Yeye aliifunga tarumbeta kwenye gunia, akaitupa juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakuigusa. Akawa anakaa uani anaziba sufuria za watu zilizotoboka. Ukimtajia muziki anakutazama kama umemtajia mtu aliyemwibia.

Kilichonitia hasira zaidi ni jambo la jirani yetu. Huyu alikuwa mama muuza samaki, mkubwa kwangu kidogo, Mpentekoste mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mimi nilimwita yaya kama tunavyowaita dada wakubwa. Mume wake alifariki majira ya mvua, miezi michache baada ya fanfari kuvunjwa. Zamani mfanyakazi akifa, fanfari ilitangulia jeneza kutoka kambi ya wafanyakazi hadi makaburini ikipiga wimbo mmoja tu, wimbo wa wafu. Kila mtu wa Panda anaujua. Ukiusikia unasimama, uwe unamjua marehemu au humjui, unavua kofia, unatua beseni chini, na unasubiri hadi upite. Na anayeupiga haruhusiwi kuukatiza, kwa maana kuukata katikati ni kumwacha mfu njiani. Una beti tatu, na zote tatu zinapigwa. Yaya alikuja kumwomba mume wangu apige peke yake. Mume wangu akakataa. Alisema fanfari ni watu kumi na wanane, tarumbeta moja ni kelele tu. Yaya akamzika mume wake kimya kimya. Aliendelea kutuletea samaki kama kawaida, na hilo ndilo lililoniumiza.

Basi wiki ninayoisimulia, mume wangu alinitangazia kwamba tarumbeta inaondoka. Kulikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita mtaani kila Jumatatu na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Alichukua shaba, alichukua alumini, angechukua na meno yako kama yangekuwa ya chuma.

"Mama, kile kintu kinakula tu vumbi," aliniambia. "Lundi, ule wa mizani akipita, atakipima."

"Weye njo ulinipata na ile tarumbeta," nikamjibu. "Ukiiuzisha, minye nirudie kwetu?"

"Rudia tu. Lakini deki uiache."

Nilicheka kwa sababu alikuwa ameniweza, kisha nikaenda jikoni nikalia. Nilikuwa nimevumilia kuona karakana ikifa, sare ikikatwa kuwa suruali za watoto, na sukari ikiwa kitu cha Krismasi. Lakini tarumbeta ile ipimwe kwa kilo pamoja na mabomba ya choo! Hilo lilinishinda kabisa.

Jumamosi ilifika. Sebule ilijaa hadi dirishani, yaya akiwa mbele kabisa kwenye kiti chake mwenyewe alichokuja nacho kichwani. Filamu ilikuwa ya karate. Kijana fulani anaishi na mwalimu wake mzee katika kijiji cha mlimani, na kuna mtu mbaya mwenye kanzu nyeusi ndefu anayekuja kumuua mwalimu. Robo saa tu ndani ya filamu, televisheni ikatoa mlio wa mafuta yanayoruka, kisha sauti ikakata. Picha ikabaki.

Niliipiga televisheni kofi ubavuni. Nikazungusha kila kinachozungushwa. Hakuna kitu. Na hapo ndipo nilipotoka nyuma ya pazia na kwa mara ya kwanza nikatazama filamu kwa macho, bila sauti, na nikashangaa jinsi ilivyokuwa ya kijinga. Watu wazima walikuwa wanarukaruka na kupungiana mikono. Mmoja alipigwa teke akaruka juu ya meza, na sebule nzima ikacheka, kwa sababu bila ule mlio wa mfupa, teke ni mchezo tu. Ikiwa na sauti, filamu hiyo hiyo ingewafanya washike vichwa. Nikawaza, kumbe muda wote huu hofu haikuwa kwenye picha, ilikuwa inapita kwangu jikoni kwanza.

Kicheko kilipoisha, watu wakaanza kuulizia unga wao. Nami unga ule nilikwisha kuuchanganya kwenye beseni langu. Yaya akaniokoa.

"Mudogo, usiogope," akasema. "Ata ku kanisa tunaimbaka bila mikro, na Mungu anasikia. Minye nitaimbia ile filme."

Akaanza kuimba. Yaya alikuwa na nyimbo za kanisa tu, hakujua nyingine, na aliimba mmoja wa polepole, mtamu, wa kukaribisha wageni. Wakati huo huo mtu mbaya akatokea kwenye mlango wa kijiji. Sasa fikirieni, mtu mwenye kanzu nyeusi ndefu anaingia kijijini pole pole, watoto wanampisha njia, na wimbo wa kanisa unamsindikiza. Kila aliyekuwa pale akamwona padri. Mzee mmoja alipiga ishara ya msalaba. Mama mwingine akasema afadhali huyu amekuja, atawapatanisha. Padri wetu alipofika kwa mwalimu akachomoa panga kutoka kwenye kanzu, sebule ikalipuka.

"Padri! Padri anafanya nini?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Mume wangu alikuwa amesimama mlango wa uani, nyundo mkononi, uso umemkunjamana. Nadhani wimbo ulimfikia akiwa kwenye sufuria zake, akaja kuchungulia, na alichokiona kilimkera kama fundi anavyokereka akiona mtu anapigilia msumari kwa jiwe.

"Nani anaimbia ule muntu vile?" akafoka. "Ule ni muuaji! Hapana kumuimbia sawa anakuya kubariki bana!"

"Basi weye piga, papa," yaya akamjibu bila kugeuka. "Minye iko na hii tu."

Watu wote walijua alivyomkatalia yaya. Panda si mtaa mkubwa. Mimi nikashika mwiko wangu kwa mikono miwili. Mume wangu alimtazama yaya kisogoni, kisha akaenda chumbani. Nilisikia kiti kikiburutwa, gunia likishushwa. Akarudi na tarumbeta, na pia na kikombe cha bati cha chai, na hakumtazama mtu yeyote usoni.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Fasi anaingia ku mulango."

Nikarudisha. Mtu wa kanzu akarudi kinyumenyume mlangoni, kisha akaingia tena, hatua zile zile, watoto wale wale wakimpisha. Lakini safari hii mume wangu alikuwa amefunika mdomo wa tarumbeta kwa kikombe, akatoa noti moja ya chini, ndefu, iliyokuwa inakwaruza. Haikuwa wimbo hata kidogo. Mtu wa kanzu akipiga hatua, noti inasogea kidogo. Akisimama, nayo inasimama, na hicho kimya kilikuwa kibaya kuliko noti yenyewe. Mama aliyetarajia upatanisho alijifunika uso na kitenge. Hakuna aliyemkumbuka padri tena. Nami nilitazama sinia langu, nikalirudisha jikoni kwa mazoea.

Jamani, niliona raha siku ile! Mapigano yalipoanza aliondoa kikombe akapiga wimbo wa mpira, ule wa timu inapoingia uwanjani, na watu wakapiga miguu hadi vumbi likatoka kwenye dari. Kijana akirushwa, tarumbeta inashuka naye. Akiinuka, inampandisha. Mume wangu alikuwa anatokwa jasho, mashavu yamemvimba, ametoa macho kwenye kioo asipitwe na kitu, na nilimwona yule kijana wa sare mwenye vifungo, mzima, ndani ya kaptula yenye viraka.

Kisha mwalimu mzee akachomwa panga, akaanguka pole pole.

Mume wangu hakufikiri. Hilo aliniapia baadaye, na ninamwamini. Miaka yote ya kazi yake, mzee akianguka kulikuwa na wimbo mmoja tu wa kupigwa, na vidole viliujua kuliko yeye. Akapiga wimbo wa wafu.

Sebule nzima ikasimama. Hakuna aliyeamua kusimama, walijikuta tu wamesimama. Kofia zilivuliwa. Waliokuwa dirishani walinyooka. Na kwa kuwa tarumbeta haijui kuta, wimbo ukatoka nje hadi barabarani, ambako haukuwa umesikika kwa muda mrefu sana. Nilipochungulia niliona barabara imeganda. Wanawake walikuwa wametua mabeseni. Mwenye baiskeli ameshuka. Hata mnunuzi wa vyuma, aliyekuwa amekuja kutembelea jamaa zake bila mkokoteni, alikuwa amesimama mbele ya geti letu, kofia kifuani.

Filamu, ambayo haikuwa na habari, iliendelea. Baada ya kifo cha mwalimu kulikuwa na kichekesho, mpishi mlevi anafukuza kuku sokoni, anateleza, anaangukia pipa la samaki. Lakini mume wangu alikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza, na wimbo haukatizwi. Basi mpishi akafukuza kuku wake kwa wimbo wa wafu, na nawaapia, watu walimlilia yule mpishi. Alivyoanguka kwenye pipa, mzee mmoja alisema kwa sauti ya kukatika, "Masikini." Ingekuwa siku nyingine wangevunjika mbavu.

Katika ubeti wa pili jirani wa upande wa kushoto aliingia mbio, ameshika kuni kichwani.

"Nani alikufa humu?"

"Ule muzee wa mu televizio," mtu akamjibu, akilia.

Nyuma yake walikuwa wengine. Kwetu, wimbo ule ukitoka kwenye nyumba, mtu hasubiri kuambiwa. Wanawake walikuwa wamekuja na kuni, na mikeka, na unga, wengine wameshaanza kuomboleza tangu kona ya barabara. Walikuta televisheni, mpishi na kuku. Walisimama tu mlangoni na mizigo yao, kwa sababu ubeti wa tatu ulikuwa umeanza na hawangeweza kufanya kitu kingine.

Hapo ndipo nilipomwona yaya. Alikuwa amesimama wima mbele, mikono ameishusha ubavuni, haimbi, haombolezi. Machozi yalikuwa yanamwagika hadi kidevuni na hakuyafuta. Na niliwatazama wengine nikaelewa hawamlilii mwalimu wala mpishi. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyepelekwa makaburini kimya katika miaka ile, na sasa alikuwa anamsimamia. Nami nilimsimamia baba yangu mdogo. Nililia vizuri sana.

Wimbo ulipoisha mume wangu alishusha tarumbeta, akaona watu, kuni na mikeka, akafahamu alichofanya. Alitaka kucheka, akaona yaya bado amesimama analia.

"Yaya, ile siku niliona haya," akamwambia mbele ya watu wote. "Nilisema tarumbeta moja ni kelele."

"Papa," yaya akasema, "minye nilitafuta ata kelele."

Kisha akageuka, akajifuta na kitenge, akaniuliza kama nimekuja duniani kulia au kukaanga. Mandazi yaliisha yote. Kuni zilibaki kwangu, kwa kuwa kuni zikishapelekwa kwenye kilio hazirudi zilikotoka, hata kama kilio chenyewe ni cha mwigizaji. Nilizikaangia mwezi mzima, na unga ndio msiniulize.

Lakini usiku huo tarumbeta ilirudi kwenye gunia, na gunia juu ya kabati. Jumapili alirudi kwenye sufuria zake. Nami sikuuliza, niliogopa jibu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakanda unga nilipomsikia mnunuzi akigonga chuma chake barabarani. Mume wangu alitoka uani, akapita sebuleni, akaingia chumbani. Nikabaki nyuma ya pazia langu na masikio yangu hodari, na kwa mara ya kwanza hayakunisaidia. Filamu ingenionya. Ingeniletea vinanda vya mbu, au zumari, nikajua nishike roho vipi. Maisha hayana mtu wa kukupigia kabla. Nilisikia kabati likifunguliwa. Nilisikia nyayo hadi getini, wanaume wawili wakisemezana. Kisha kitu cha chuma kikaning'inizwa kwenye ndoana ya mizani, ngaa!, na mkokoteni ukaondoka.

Niliinamia beseni la unga nikalia kimya ili asinisikie.

Pazia likafunguliwa. "Mama," akasema, "iko na mafuta kidogo?"

Nikageuka kumtolea maneno yote niliyokuwa nayo, na nikamwona ameshika tarumbeta. Anabonyeza vitufe vyake kimoja kimoja, anakunja uso. Vimekauka, akasema, cha katikati kinakwama, siku ile karibu kimwaibishe kwenye ubeti wa tatu.

"Na kile kilipimwa ni nini?"

Akatazama pembeni. "Sufuria."

Sufuria ya arusi yangu! Ile kubwa niliyoitunza kabatini, aliyoniahidi mwaka mzima kuiziba tundu! Nilipiga kelele hadi yaya akaja kuuliza kama safari hii kweli kuna mtu amekufa. Na huku namtukana, nilichota mafuta ya mandazi kwa kijiko, nikamdondoshea kwenye kila kitufe, taratibu, nisimwage.

Sufuria nyingine hakuninunulia ng'o. Sauti ya televisheni ilitengenezwa baada ya majuma kadhaa, na wateja wakalalamika kwamba filamu zimepoa. Lakini tangu Jumatatu ile, kila aliyekufa mtaani kwetu, hata yule aliyezikwa na watu watano tu, alitanguliwa na tarumbeta moja. Ilipiga beti zote tatu, na ilinukia mandazi.